Nilimwambia Asubiri

Wiki saba zilizopita nilisimama kando ya kitanda cha kijana mmoja, mfuko wa machungwa ya Muheza mkononi, nikatamka neno nililowahi kuapa kwamba halitatoka kinywani mwangu mbele ya mgonjwa.

"Subiri, mdogo wangu. Kila jambo lina heri yake."

Kijana ni mkwezi. Alianguka mnazi huko upande wa Tongoni, nyonga ikavunjika mahali pawili. Ana miaka 22, na mama yake ni jirani yangu. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekosea mlango, halafu akageuzia uso ukutani. Nikabaki dakika kumi nzima nikiangalia kisogo chake. Nikaweka machungwa kwenye kabati, nikamuaga mama, nikatoka.

Nilikuwa nimeshafika barabarani kwa miguu ndipo nikakumbuka kwamba nilikuja na baiskeli.

Tangu siku hiyo sina raha. Ukuta ule naujua. Nimeutazama mimi mwenyewe wiki tisa.

## Kilo saba

Ajali yangu haina la kusimulia. Bodaboda ilikwepa shimo, mimi na baiskeli yangu tukawa upande ilikokwepea, Barabara ya Pangani, magharibi imeshaadhiniwa. Paja la kushoto likavunjika katikati. Kijana wa bodaboda alikuja siku ya tatu kuniomba radhi, analia. Tulisameheana, na habari yake naishia hapo.

Yaliyofuata ndiyo sijawahi kuyaandika.

Hospitalini walinitoboa mfupa wa ugoko, chini kidogo ya goti, wakapitisha chuma kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mimi ni muuza spea za baiskeli Ngamiani, kwa hiyo nilipokiona nikasema hii ni spoku, ila nene. Wakafunga kamba kwenye ncha zake mbili, kamba ikapita juu ya kapi miguuni pa kitanda, na mwisho wa kamba yakaning'inia mawe ya kilo 7, sehemu ya kumi ya uzito wangu wa siku zile. Misuli ya paja ina nguvu ajabu. Mfupa ukikatika, misuli hujivuta ikavipandisha vile vipande kimoja juu ya kingine, mguu ukawa mfupi. Kazi ya mawe ni kuvuta upande wa pili, usiku na mchana, mpaka mfupa ushikane wenyewe.

Ndiyo tiba yote. Unafungwa, unangoja.

Mtu akiipiga kumbo ile kamba, unasikia mpaka kwenye meno. Inzi akitua kwenye kidole gumba cha mguu unamtazama tu. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nawatofautisha.

## Waja leo

Tanga tuna msemo wetu, "waja leo waondoka leo", na kila mtu anaufasiri anavyotaka. Mimi niliufasiri upya nikiwa chali: ni wageni wa wodini. Wanafika saa kumi jioni, kengele inalia, wametawanyika. Na muda wote huo wamesimama. Viti ni vichache, kwa hiyo mtu anashika chuma cha kitanda, anakutazama kutoka juu, anatoa pole, ananyamaza kidogo, kisha anaona lazima aseme jambo. Na jambo lenyewe ni lilelile.

Subira yavuta heri.

Jumapili moja nilihesabu. Watu tisa, "subiri" kumi na nne.

Sitaki nionekane nawadharau. Walitoka Makorora, Mabawa, wengine Pangani, kwa nauli zao, na uji kwenye chupa ya chai. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na waliitimiza. Ila neno lile lilipofika kwangu mara ya kumi na nne lilikuwa limeshageuka. Nikiguna kwa maumivu, subiri. Nikiuliza duka litakuwaje, subiri. Likawa na maana ya nyamaza.

Ustadh wetu, mtu mwema sana, alinisimulia kisa cha Urwa bin Zubayr, mwana wa Asmaa binti Abubakar: alivyokatwa mguu kwa maradhi, safarini humohumo akafiwa na mwanawe, naye akamshukuru Mola kwa viungo na watoto waliobaki. Kisa kizuri, nimekisikia misikitini tangu mtoto. Siku ile kilinikalia kifuani kama jiwe la nane. Nikasema moyoni: ustadh, Urwa alikuwa Urwa. Mimi nauza cheni na tairi.

(Halafu tazama lugha yetu ilivyo na huruma kuliko wasemaji wake. Haimwambii mgonjwa apone haraka. Inamwambia "ugua pole". Inakubali kwamba utaugua, inaomba tu kuugua kwenyewe kuwe kwa taratibu. Wageni wangu walisema "ugua pole" mlangoni, wakitoka, kama mtu anayefunga barua. Laiti wangeishia hapo tangu mwanzo.)

## Kopo la mchanga

Niliacha kusali siku kumi na moja.

Hasira ilikuwepo, lakini kilichonizuia hasa ni aibu. Shuka lina madoa, chupa ya haja ndogo iko ubavuni, udhu siuwezi. Kwetu Tanga kibla ni kaskazini, karibu kunyooka kabisa. Kitanda changu kilitazama mashariki na mawe yalikuwa hayaruhusu kigeuzwe. Nilijiona kama mtu anayepiga simu huku ameishika kichwa chini miguu juu.

Mama alijua. Siku ya kumi na mbili alikuja na kopo la maziwa ya unga lililojaa mchanga wa Raskazone wa kujitwaharishia badala ya maji, ameuchekecha mwenyewe. Hakuniuliza kama nasali. Mgonjwa haulizwi uji. Aliliweka kopo kifuani kwangu.

"Tayammamu, mwanangu. Laasiri inapita."

"Mama, nimeelekea baharini."

"Na bahari ya nani?"

Baadaye ndipo nikaikumbuka hadithi ya Imran bin Huswayn, aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala akiwa mgonjwa, akaambiwa asali akiwa amesimama, asipoweza basi amekaa, asipoweza basi kwa ubavu. Tuliisoma chuoni. Nilichokuwa nimekisahau ni maradhi yake Imran: bawasiri. Nilicheka peke yangu usiku, cheko la kwanza tangu ajali. Ruhusa hii tunayojistiri nayo wagonjwa wote ilipitia kwa mtu aliyeshindwa kukaa.

Sala ile ya laasiri niliisali kwa kuashiria kichwa. Kwenye dua sikuomba kupona. Nilishitaki. Nilimwambia Mola kila kitu, mpaka habari ya inzi.

Na nikaogopa. Nikafikiri nimeivunja subira yenyewe.

## Kuku wa mjomba

Wiki ya nne alikuja mjomba kutoka Handeni na shauri lake. Kuna fundi wa mifupa, mtu wa dawa za miti, hatoboi mtu wala hafungi mawe. Anachukua kuku, anamvunja mguu uleule uliovunjika wewe, anamfunga dawa ileile. Siku kuku anapotembea, nawe unatembea.

"Wiki ngapi, mjomba?"

"Tatu. Hapa umeshakaa nne."

Nawakumbusha kwamba mimi nimesoma, nina duka, naandika hapa kila wiki mbili. Usiku ule nilikuwa natafuta jinsi ya kusaini fomu ya kutoka. Imani yangu kwa Mungu ilikuwa inarudi kidogo kidogo kupitia lile kopo. Imani yangu kwa mawe ilikuwa imekwisha. Uchungu haukuwa umepungua na hakuna aliyeweza kunionyesha kitu chochote kinachosogea. Picha ya eksirei ya wiki ile, kwa macho yangu, ilikuwa fimbo mbili zilizoachana.

Mzee wa kitanda cha pili ndiye aliyenisikia nikihangaika. Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mwenye kuimba nyimbo za kanisani kwa mluzi alfajiri mpaka adhana inapoanza. Hapo hunyamaza, adhana ikiisha anaendelea.

"Unawaza kwenda," akasema gizani.

"Ndiyo, mzee."

"Unajua mimi niko hapa kwa nini?"

Nilidhani ameanguka. Kumbe alianguka miezi minane nyuma, akapelekwa kwa fundi wa kijijini, mfupa wa mguu ukaunga vizuri kabisa, ila ukaunga umepinda. Alikuwa anangoja uvunjwe tena ili unyooshwe.

"Na kuku?" nikauliza.

"Kuku alipona. Tukamla Krismasi."

Sisemi mafundi wote ni hivyo. Wapo watu hapa mjini waliounganishwa mikono na vidole na mafundi wa asili, wanafanya kazi mpaka leo. Paja ni jambo jingine, na mimi nusura nilicheze kamari kwa sababu tu nilichoka kungoja.

## Ayubu wawili

Ni huyuhuyu mzee aliyeniuliza, siku ya wale wageni tisa walipokwisha ondoka, kama na sisi Waislamu tunamjua Ayubu. Nikamwambia tunamjua, tena ndiye mfano wa subira.

"Basi rafiki zake walikuja kumpa pole," akasema. "Wakakaa chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Mwanangu, hapo walikuwa wazuri sana. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao waliokuwa wakimtetea. Anasema aliyenena sawa ni Ayubu, yule aliyekuwa anapiga kelele."

Nililala na maneno hayo. Ayubu wetu hakuilaani siku aliyozaliwa kama Ayubu wa mzee, na mimi sikutaka kuchanganya vitabu. Asubuhi nikamwomba mke wangu aniletee msahafu wenye tafsiri. Nikafungua Surat Saad.

Aya ya 41, Ayubu anamwita Mola wake kwamba amepatwa na udhia na adhabu. Aya ya 44, anasifiwa kuwa Mola alimkuta ni mwenye kusubiri. Aya ya 42 iko katikati, na nimeisikia ikisomwa maisha yangu yote bila kuisikia.

Piga kwa mguu wako. Haya maji baridi ya kuogea na ya kunywa.

Niliirudia mara nyingi sijui ngapi. Mgonjwa aliyesifiwa kwa subira kuliko wote ndiye aliyelalamika kwanza, halafu akaambiwa apige mguu chini. Chemchemi haikumfuata kitandani. Nikaenda Surat Yusuf nako, kwa Yaaqub, mwenye "subira njema". Macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Wanawe walipomsema, akawajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake.

Kumbe kushitaki kunaruhusiwa. Kinachoangaliwa ni unashitaki kwa nani.

Sikumwambia ustadh. Analijua hilo kuliko mimi, na najua angenieleza vizuri siku yoyote ningemuuliza. Tatizo ni kwamba mtu akisimama juu ya kitanda cha mwenzake, mambo yote anayoyajua hukimbia, linabaki neno moja.

## Ya uongo haihesabiki

Hapo nilikuwa nimeshamkwepa dada wa mazoezi wiki mbili. Binti mdogo, pengine miaka 25, anakuja na daftari na saa ya ukutani aliyoibeba kwapani kwa sababu ya wodini ilikufa. Alitaka nigandamize goti kwenye godoro, nikaze paja, nihesabu tano, niachie. Mara kumi, asubuhi, mchana, jioni. Kila alipokuja nilisema nimeshafanya.

Siku ya Ayubu nilimwita mwenyewe.

Kukaza paja lililovunjika ni jambo la kutisha. Mwili mzima unakuambia usithubutu. Ya kwanza, jasho. Ya pili, nikasikia kitu kinatetemeka ambacho sikujua kama bado ni changu. Ya tatu nilikunja uso tu, paja nikaliacha.

"Mbili," akasema.

"Tatu, dada."

"Ile ya uongo, kaka. Ya uongo haihesabiki."

Ndiye aliyenieleza, huku anaandika, kwamba kwenye ufa wa mfupa damu huganda kwanza, kisha hugeuka kitu laini kama gegedu la sikio, kisha chokaa huingia kikakauka kuwa mfupa. Na kwamba mfupa hujijenga pale unapofanyiwa kazi. Ukilala tu, hata ule mzima hulegea. Wiki ya saba alininyanyulia picha mpya dirishani. Kulikuwa na wingu jeupe limezunguka ufa, hafifu, kama moshi wa sigara. (Sigara zenyewe niliziacha wiki ya kwanza, daktari alisema zinachelewesha mfupa kuunga. Hilo halikuhitaji mawaidha.)

Faraja nyingine ilitoka nilikokuwa siitazamii. Mke wangu alikuwa anafungua duka peke yake, na kila jioni alikuja na daftari la mauzo. Cheni ya Kichina tuuze bei gani? Huyu mzee wa Chumbageni tumkopeshe tena? Spoku za ringi ya 28 ziko boksi lipi? Nilijibu kwa kirefu. Nilikuwa mtu mwenye kazi, kwa nusu saa nzima kila siku. Mwaka mmoja baadaye, tukihesabu mali, nikamuuliza iweje sasa haniulizi bei. Akacheka.

"Bei nilizijua tangu wiki ya kwanza."

## Saruji

Wiki ya tisa walitoa chuma. Wiki ya kumi nilisimama kwa magongo.

Damu ilishuka mguuni kwa kishindo, mguu ukawa rangi ya zambarau mbele ya macho yangu, wodi ikazunguka. Dada wa mazoezi alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma kama anayemshika mtoto anayesimama dede. Aliruhusu niguse chini tu, nisibebe uzito. Nikagusa.

Saruji ilikuwa baridi.

Nililia mbele ya wanaume kumi na wawili, na mzee wa Lushoto akapiga mluzi.

Mguu uliunga ukiwa mfupi kwa sentimita moja na nusu. Siku hizi naendesha baiskeli niliyoongeza kipande cha tairi kuukuu juu ya pedeli ya kushoto, nimekifunga kwa nati mbili. Wateja wakiniuliza nawauzia wazo hilo bure.

## Kigoda

Kwa hiyo nilimwambia kijana asubiri. Mimi. Nimelifikiria jambo hili dukani, njiani, hata kwenye rakaa. Nadhani ilikuwa hofu. Nilipoona mashuka yale na ile chupa ubavuni, nilitaka tu maneno yatoke haraka ili nami nitoke.

Jumamosi nilirudi. Machungwa sikubeba. Nilibeba kigoda cha dukani, kile ninachokalia nikiunga tyubu, nikakifunga nyuma ya baiskeli. Mlinzi alikitazama, akaniacha nipite.

Nilikaa. Kwenye kigoda kile kichwa changu kilikuwa sawa na godoro lake. Alikuwa bado ametazama ukuta. Mama yake akachukua nafasi hiyo kwenda kufua. Sikusema kitu, na nawaambia kweli, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kutoa mawaidha. Ulimi ulikuwa unanicheza kinywani.

Ilipita kama robo saa.

"Kaka, wewe ulikuwa unawashwa?"

"Wapi?"

"Mgongoni. Chini huku."

"Nilikuwa najikuna na mwiko. Mke wangu hajaupikia mpaka leo."

Mabega yake yakatikisika, akaguna kwa maumivu ya kucheka, akanitukana kidogo. Nikapokea.

Kimya tena.

"Wamesema nichezeshe nyayo," akauambia ukuta. "Juu, chini, mara kumi. Wanasema damu isigande. Naogopa."

Nikaitikia kwa kichwa, ingawa hanioni.

Baadaye shuka likasogea kule miguuni. Likatulia. Likasogea tena. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, halafu kwa midomo, halafu kwa sauti bila kukusudia. Akatua kuvuta pumzi.

"Saba," nikasema.

"Sita," akajibu. "Ya nne ilikuwa ya uongo."